Pete ya ndoa: dhahabu karati 18, karati 9, fedha au tangsteni?

Mchumba_Mbagala
Wakuu, habari zenu. Ndoa yetu ni Desemba na bado tunavutana kuhusu pete. Mimi ni fundi magari, mwenzangu ni nesi. Mikono yangu iko kwenye grisi na spana kutwa nzima, yake iko kwenye sabuni na vitakasa mikono. Kariakoo tumeoneshwa dhahabu ya njano karati 18 na karati 9, dhahabu nyeupe, fedha, na tangsteni nyeusi ambayo muuzaji anasema haikwaruziki kabisa. Bei ya tangsteni iko chini sana ukilinganisha na dhahabu, na imenivutia. Mwenzangu anataka dhahabu. Naomba ushauri wa wanaozivaa na wanaozitengeneza.

Sonara_Pwani
Hongereni sana. Mimi natengeneza, kwa hiyo nitasema ninayoyaona mezani kwangu.

Dhahabu safi ni karati 24. Karati 18 ni sehemu 18 kati ya hizo 24, yaani asilimia 75, ndiyo maana ndani ya pete unakuta muhuri wa 750. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Hiyo ya mwisho zaidi ya nusu yake ni shaba, fedha na zinki. Karati 22, yenye muhuri wa 916, ina rangi nzuri mno lakini ni laini. Kwa hereni na mikufu haina shida. Kwa pete ya fundi magari itapinda na kuliwa upande wa kiganjani. Kwa mkono wa kazi napendelea 18, au 14 kama bajeti inabana.

Sasa tangsteni. Hiyo mnayooneshwa si tangsteni tupu, ni kabidi ya tangsteni: unga uliogandamizwa na kuchomwa hadi ukashikamana. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, yenyewe inafika karibu 9. Kwa hiyo muuzaji ana haki yake, spana haitaikwaruza. Ila kitu kigumu namna hiyo hakipindi, kinavunjika. Ikidondoka vibaya kwenye sakafu ya terazo inaweza kupasuka. Na mimi siwezi kuipanua wala kuibana. Kidole kikinenepa, unanunua nyingine. Halafu ule weusi kwa kawaida ni rangi ya juu tu, na mkono wa gereji utaukwangua pembeni kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi_Njiro
Fundi mwenzangu, kabla ya kuchagua metali, jua kwamba kazini pete unavua. Dhahabu na fedha zinapitisha umeme vizuri kuliko metali nyingi. Spana ikigusa nguzo ya chanya ya betri, na pete yako imegusa spana huku imegusa bodi ya gari, pete inapata moto papo hapo, na huwezi kuivua kwa sababu inaungua ikiwa kidoleni. Nimeona kovu la duara kwenye kidole cha fundi aliyenifundisha kazi. Tangsteni na titaniamu nazo ni metali, zisikudanganye. Tafuta mkufu au kamba ya shingoni yenye kifungo, pete ikae ndani ya ovaroli.

Zamu_ya_Usiku
Nafanya kazi ya dharura hospitalini, naomba nisahihishe jambo moja linalosambaa sana. Watu wanasema pete ya tangsteni haikatiki, kidole kikivimba kinakatwa kidole. Si kweli. Pete ya dhahabu au fedha tunaikata kwa msumeno mdogo wa kuzungusha kwa mkono. Ya tangsteni haikatwi, inavunjwa: unaibana kwa vaisgripu (koleo linalojifunga), unaachia, unakaza kidogo tena, unabana, mpaka ipasuke. Titaniamu inakatika ila inataka kifaa kikali na muda. Tofauti ni kwamba ile ya dhahabu sonara ataiunga tena, ya tangsteni inaishia kwenye ndoo ya taka.

Kwa dada nesi: awe makini na dhahabu nyeupe. Dhahabu haizaliwi nyeupe, inachanganywa na nikeli au paladiamu, kisha juu inapakwa rodiamu ili ing'ae. Ule mpako unaisha kwa kuvaliwa, na kama chini kuna nikeli, watu wengine wanapata muwasho na vipele, hasa ngozi inayoshinda na unyevu ndani ya glavu. Akiitaka nyeupe, aulize dukani waziwazi: mmechanganya na nini? Asipojibiwa, aende duka jingine. Na achague pete isiyo na kito kilichoinuka, maana inachana glavu na uchafu unajificha chini ya kito.

BintiMvita
Mume wangu anavaa fedha kwa sababu za dini, maana kwetu Waislamu mwanamume havai dhahabu. Nalisema hili kwa kuwa nimewaona madukani wanaume wakiuziwa dhahabu nyeupe wakidhani wameepuka. Dhahabu nyeupe ni dhahabu. Tazama muhuri: ikiandikwa 750 au 585, ni dhahabu, hata ikiwa nyeupe kama fedha.

Fedha ya 925 ni nzuri na bei yake ni nafuu, lakini inaingia weusi, hasa mtu akishika mayai na vitunguu, au ikiloa jiki. Naisugua kwa kitambaa laini na inarudi. Ni laini pia, mikwaruzo haikosi. Sisi tumeizoea.

Kaka_wa_Muscat
Huku Ghuba dhahabu inauzwa kwa gramu kwa bei ya siku, halafu gharama ya ufundi inatajwa pembeni. Na nyie mtakeni muuzaji awatenganishie hivyo hivyo. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu safi. Ya uzito huo huo karati 9 ina gramu 1.5. Kwa hiyo karati 9 ikiuzwa kwa bei inayokaribia ile ya 18, mnalipia ufundi na jina la duka. Mkiambiwa "bei ya pete ni hii" bila mizani kuwekwa mbele yenu, ondokeni. Kama ina kito, ulizeni uzito wa kito umetolewa au umehesabiwa kama dhahabu.

Mchumba_Mbagala
Nashukuru sana, wakuu. Tangsteni nimeiacha. Maswali mawili kwa Sonara_Pwani: platinamu mbona hamjaigusa? Na nitajuaje kama muhuri wa 750 ni wa kweli?

Sonara_Pwani
Platinamu ni metali bora, sibishi. Ikikwaruzika haipotezi uzito kirahisi kama dhahabu, inasogea tu, na ngozi nyingi zinaivumilia. Lakini pete ya umbo lilelile inakuwa nzito kuliko ya karati 18 kwa karibu theluthi moja, na inayeyuka kwenye nyuzi 1,768 wakati dhahabu inayeyuka kwenye 1,064. Masonara wengi wa mitaani moto wao haufiki huko. Ukiinunua, hakikisha kwanza unaye wa kuirekebisha hapo ulipo.

Muhuri peke yake usiuamini, kuupiga ni kazi ya nyundo moja. Sumaku nayo haitoshi, kwa sababu shaba vilevile hainaswi. Omba pete isuguliwe kwenye jiwe jeusi na alama ile idondoshewe asidi ya kupimia karati 18, ilinganishwe na alama ya sindano ya kupimia yenye ncha ya dhahabu ya karati inayojulikana. Mfanyabiashara mkweli anakubali mbele yako. Halafu dai risiti yenye uzito na karati.

Kipimo cha kidole kichukuliwe jioni, mkiwa mmeshatembea na joto, maana asubuhi kwenye ubaridi kidole kinakuwa chembamba. Pete ikiwa pana, milimita 6 kwenda juu, ongeza saizi kidogo. Unene usishuke chini ya milimita 1.5, ili baada ya miaka ya kung'arishwa bado pawe na cha kushika.