Mpaini uani na chafya za binti yangu: niukate?

Baba Zuu: Wakuu, habari za jioni. Niko Nzuguni, Dodoma. Nyumba niliyonunua ina mpaini mkubwa uani. Aliyeniuzia ni mtu wa Mufindi, kwenye mashamba ya mipaini, nadhani alikumbuka kwao. Binti yangu wa miaka 7 tangu Machi ni chafya, macho mekundu, pua anaisugua hadi inachubuka. Mama yake anasema ni ule unga wa njano wa mti, maana unatapakaa hadi juu ya tanki la maji. Fundi wa msumeno anakuja Jumamosi. Nikate?

Mzee wa Mbao: Subiri. Una hakika ni mpaini? Watu wanaita mpaini kila mti wenye sindano, kumbe mwingine ni mvinje. Chuma sindano, ivute. Ikiachia vipande vipande kama imeungwa, huo mvinje. Za mpaini hazina viungo, zinatoka kwa mafungu. Patula, aina ya mpaini inayopandwa Sao Hill huko Mufindi, ambayo asili yake ni Meksiko, kwa kawaida fungu ni sindano tatu, ndefu, zinaning'inia kama nywele.

Baba Zuu: Tatu tatu, mkuu. Viungo hakuna.

Chapwi: Mpaini kwa jua hili? Kwangu hata mchicha unaomba poo.

Baba Zuu: Wangu unakunywa maji ya kufulia, usicheke.

Tabibu Mtaani: Chavua ya mpaini, yaani huo unga wa njano, inatisha kwa wingi tu. Kila punje ina vifuko viwili vya hewa, ndiyo maana inapeperuka mbali. Ila punje zenyewe ni kubwa na zina nta, hivyo ni nadra kumletea mtu mzio. Wapo wanaodhurika, wachache. Wasumbufu hasa ni nyasi. Huo unga ulidondoka mwezi gani?

Baba Zuu: Duh. Septemba mwaka jana. Na hakupiga chafya hata moja.

Tabibu Mtaani: Na Machi nyasi za mvua ndiyo zinachanua. Nyuma ya uzio kuna nini?

Baba Zuu: Kiwanja cha mtu, nyasi kiunoni. Ndiko anakochezea.

Tabibu Mtaani: Basi asiende huko kwa sasa, na akitoka nje anawe uso, abadili nguo. Hospitali mpeleke hata hivyo, na usichelewe akianza kukohoa usiku au kubanwa kifua, kwani mzio wa pua na pumu huandamana. Siku ya kufyeka asiwepo karibu.

Baba Zuu: Nimempigia fundi, msumeno auache, aje na fyekeo. Mwenye kiwanja namtafuta kwa mjumbe.