Mtoto anayepungukiwa na pumzi usingizini: barakoa, tundu la shingoni au oksijeni pekee?

Mama Wanza, Kayole
Habari zenu wazazi. Mwanangu ana miezi 14. Akiwa macho anacheza vizuri kabisa. Akishalala fofofo pumzi inakuwa ya juujuu, midomo na kucha zinageuka kijivu. Hakoromi, wala hahangaiki kutafuta hewa. Kipimo cha jeni ya PHOX2B kimethibitisha kwamba ubongo wake haushtuki hewa ukaa ikizidi. Daktari ametupa mashine ya barakoa au tundu la shingoni la kupitishia mrija wa hewa tuchague. Jirani anasisitiza mtungi wa oksijeni unatosha. Nyinyi mlifanyaje?

Baba Amani, Umoja
Oksijeni pekee hapana, mama. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitasoma 97, nawe utalala umeridhika, kumbe hewa ukaa inajaa kwenye damu. Oksijeni haimsukumi mtoto avute pumzi. Waombe wapime hewa ukaa yenyewe akiwa amelala.

Wangu ana ugonjwa wa Pompe, misuli ndiyo dhaifu. Sisi tunatumia barakoa, na inamfaa.

Sista Kemunto
Mimi ni muuguzi wa watoto. Baba Amani, wako huzidiwa zaidi kwenye usingizi wa ndoto, misuli mingine inapolegea na kiwambo, ule msuli wa pumzi chini ya mapafu, kubaki peke yake. Huyu wa Mama Wanza huzidiwa kwenye usingizi mzito uliotulia. Kwa hiyo usichukue mashine kwa sababu imemfaa mtoto wa mwenzio.

Kwa wadogo wenye shida hii ya PHOX2B, madaktari wengi hupendelea tundu la shingoni miaka ya kwanza, kwa sababu ubongo unakua na hautakiwi kukosa hewa hata usingizi mfupi wa mchana. Kazi yake ni kubwa: kufyonza makohozi, kubadilisha mrija, na lazima awepo mtu macho aliyefundishwa, maana mrija ukiziba ni hatari. Kuongea nako huweza kuchelewa. Barakoa haihitaji upasuaji, lakini huvuja mtoto akijigeuza, na kwa miaka mingi huweza kubonyeza mifupa ya uso.

Shangazi Rehema, Lang'ata
Mpwa wangu alizaliwa na mgongo wazi, na sehemu ya chini ya ubongo ilikuwa imeshuka ikibana pale panapoendesha pumzi. Yeye alianzia kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Chanzo kwanza, mashine baadaye.

Mama Wanza
Asanteni sana. Barakoa tuliyoonyeshwa ni ya CPAP. Inafaa?

Sista Kemunto
Hapana, dada. Hiyo hushikilia njia ya hewa iwe wazi, na njia yake haijaziba. Anahitaji kipumulio kinachomsukumia pumzi yeye asipovuta. Uliza pia betri inadumu saa ngapi stima ikipotea, na ufundishwe kutumia mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono. Je, choo anapata vizuri?

Mama Wanza
Kigumu tangu azaliwe.

Sista Kemunto
Mwambie daktari kesho, usingoje kliniki. Kuna watoto wenye jeni hii ambao sehemu ya utumbo haina neva. Moyo nao upimwe mfululizo kwa saa 72, maana huweza kusimama kwa sekunde kadhaa.