IBS (utumbo unaosumbua muda mrefu bila kidonda wala uvimbe): nimepima kila kitu hakuna kinachoonekana, mnaishije na hili tumbo?

TichaHesabu_Dom

Habari za muda huu wakuu, naomba mnisaidie mawazo maana nimechoka. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 31, hili tumbo linaenda mwaka wa tatu sasa. Lilianza tulipotoka kwenye harusi moja kijijini, karibu wote tuliokula ile pilau tuliharisha, wenzangu baada ya siku nne wakapona, mi mpaka leo. Sio kwamba naharisha kila siku hapana, wiki hii naenda chooni mara tano kabla ya saa nne asubuhi, wiki ijayo siku tatu sipati choo kabisa na nikipata ni vigololi kama vya mbuzi. Tumbo linajaa gesi mpaka jioni inabidi nilegeze mkanda, na maumivu yako huku chini kushoto, nikipata choo yanapungua, baada ya muda yanarudi.

Nimeshatibiwa amiba mara nne, typhoid mara tatu, ile dozi ya vidonda vya tumbo ya vidonge kibao kwa wiki mbili, dawa za minyoo sihesabu. Mama mkwe akasema ni ngiri nikanywa mizizi mwezi mzima. Mwaka huu nikajikusanya nikaenda hospitali kubwa nikapigwa kamera ya juu na ya chini, daktari akaniambia utumbo wako ni msafi, una IBS, punguza stresi na uangalie vyakula, akaandika dawa ya kutuliza tumbo akaita mgonjwa mwingine. Nimetoka pale sijui nifurahi au nilie, maana kama ni msafi hiki kinachouma ni nini?

Kinachoniumiza zaidi ni kipindi cha kwanza. Mwezi wa tatu niliacha swali la logarithimu nusu ubaoni nikatoka mbio na chaki mkononi, nimerudi baada ya dakika kumi nakuta watoto wamekaa kimya wanaangalia madaftari, hakuna aliyenitazama usoni. Tangu siku iyo usiku wa kuamkia kipindi cha kwanza silali, na nisipolala ndo tumbo linaamka zaidi. Halafu shuleni chakula ni ugali maharage siku zote tano. Mwenye hali hii anaishije? Anakula nini? Kuna aliyepona kweli?

MwanaKisauni

Pole sana mwalimu. Hiyo ya chaki imenigusa maanake yangu mimi ilikuwa kwenye matatu juu ya daraja la Nyali, jamu haisongi, nkamwomba makanga anishushe pale pale katikati ya daraja, nkatembea mpaka ng'ambo jasho lanitoka na watu wanishangaa. Huu ni mwaka wangu wa saba.

Kwanza wacha nikutoe wasiwasi, kuambiwa msafi si kuambiwa wajifanya mgonjwa. Kamera huona kidonda, huona uvimbe, huona damu. Haioni vile utumbo unavyojikaza na kulegea wala vile mishipa yake ya fahamu inavyohisi. Wetu wahisi kupita kiasi, ile gesi ambayo mwengine haisikii kabisa sisi yatukata kama kisu. Maumivu ni ya kweli, mwambie na mkeo hivyo asije akadhani ni uvivu au ni mambo ya kichwani.

Sasa chakula. Mimi tangu utoto kifungua kinywa changu ni mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa, na nilipokuwa naumwa mamangu akiniongeza mbaazi nipate nguvu masikini. Hebu itazame hiyo sahani: ngano, mbaazi, kitunguu, maziwa, vyote kwa pamoja saa moja asubuhi. Kuna sukari fulani ndani ya vyakula ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi sawasawa, zateremka mpaka chini, zikifika huko zavuta maji na bakteria wazichachua zatoa gesi. Watu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndio waliozipima chakula kimoja kimoja, utaona zaitwa FODMAP. Orodha zao zimejaa vyakula vya kwao ukizisoma wahisi huna utakachokula, lakini vyetu vingi mbona vimo salama: wali, sima ya mahindi, viazi mviringo, ndizi za kupika, muhogo kiasi, samaki, dagaa, kuku, mayai, mchicha, karoti. Matunda kula papai, nanasi, chungwa. Embe na tikiti ziogope kwanza, na ndizi ile iliyoiva ikatoka madoa meusi ni mbaya kuliko ile ngumu ngumu.

Adui wetu mkubwa ni kitunguu, kitunguu maji na kitunguu thomu. Mimi nlikataa kabisa kukubali, mchuzi bila kitunguu ni mchuzi gani? Halafu nkajua jambo ambalo hakuna daktari aliyeniambia, kwamba ile sukari ya kitunguu yayeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hivyo mimi natia vipande vikubwa vya thomu kwenye mafuta ya moto peke yake, sijatia nyanya wala chochote chenye maji, navigeuza mpaka vinukie vizuri, kisha navitoa vyote na kijiko nawapa wengine. Ladha imebaki kwenye mafuta. Na ukitaka kitunguu chenyewe tumia majani yake ya kijani, ile sehemu nyeupe wacha.

Utaratibu wake: nunua daftari. Wiki nne, zikizidi sana sita, waacha vyote hivyo, kitunguu, ngano, maziwa, maharage, mbaazi, korosho, embe. Waandika ulichokula, saa ngapi, ulilala vipi, choo kilikuwaje. Ukipata nafuu unaanza kurudisha kimoja kimoja, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, keshokutwa kama kawaida yako, kisha wapumzika siku mbili tatu ndipo uje kwa kingine. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, ama wakosa subira warudisha vyote siku moja, ama waogopa kurudisha wabaki na wali na yai miaka. Usifanye hivyo, jirani yangu alikonda mpaka maneno yakaanza mtaani. Mimi nligundua maziwa ndiyo mabaya kwangu, chapati moja haina neno, mbili siku imeharibika. Ilinichukua kama miezi mitano kujua hilo tu.

Na kuhusu shule, ugali wao kula, maharage waachie wenzako, beba kimkebe chako cha dagaa au mayai mawili.

TibaAsili_Kigoda

Mwalimu usizunguke hiyo ni ngiri ya kupanda na kushuka nina dawa ya siku 21 unaondoa mzizi wote njoo inboksi

Tabibu_wa_Zahanati

Ndugu wa tiba asili naomba tusimrudishe mwalimu alikotoka, mizizi ameshakunywa mwezi mzima na vingi vya kwenye hizo chupa vinaharisha.

Mwalimu, mi ni tabibu, nakuelezea kwa ujumla tu, daktari wako ndio mwenye faili lako. Ulivyosimulia inaeleweka vizuri: maumivu yanayoendana na kwenda choo, choo kinabadilika mara laini mara kigumu, muda mrefu, kamera safi. Na ile pilau sio bahati mbaya ya kupita. Baada ya maambukizi makali ya tumbo, karibu mtu 1 kati ya 10 anabaki na hali hii, mdudu ameshaondoka ila utumbo umebaki na wasiwasi wake. Ndo maana dozi za amiba hazikusaidia, hakukua na amiba wa kuua.

Kuhusu typhoid mara tatu, hili linaniuma na sisi wenyewe tunahusika. Kile kipimo cha haraka cha damu, Widal, kwenye nchi kama yetu kinaweza kusoma chanya kwa mtu ambaye hana typhoid sasa hivi, kwa sababu mwili ulishawahi kukutana na mdudu au jamaa zake zamani. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara. Mtu mwenye tumbo la kujaa gesi bila homa akipewa antibayotiki kila baada ya miezi miwili anaweza kuzidi kuvuruga tumbo. Ukiambiwa tena una typhoid na huna homa, uliza.

Kuna dalili ambazo ukiziona usikae na daftari la chakula, rudi hospitali haraka: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, damu kupungua, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, uvimbe tumboni, au ndugu wa karibu mwenye saratani ya utumbo. Na kwa wanaosoma hapa wenye miaka 50 na kuendelea ambao tumbo limebadilika ghafla, msijiite IBS kabla ya kuchunguzwa.

Sasa kipindi cha kwanza. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unapata ishara ya kusogeza, na asubuhi ishara hiyo inakua na nguvu zaidi. We unaamka, unagonga chai haraka, unatoka, ishara inakukuta ubaoni. Amka mapema dakika 45 au saa nzima, kunywa kitu cha moto, kula kidogo, kaa nyumbani utulie, mzigo wote uishie chooni kwako. Kahawa kwa sasa iache maana nayo inasukuma.

Ukipata siku za choo kigumu jaribu isabgol, yale maganda ya mbegu yanapatikana maduka ya dawa na maduka ya Wahindi, anza na kijiko kidogo cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, unywe hapohapo kabla haijawa uji mzito, uongeze taratibu kila baada ya siku kadhaa. Pumba za ngano achana nazo zinaongeza gesi. Mafuta ya mnanaa ya vidonge yanasaidia wengine. Ikishindikana kuna dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo sana usiku inapunguza ukali wa hisia za utumbo, akikuandikia daktari usishtuke kudhani kakuita kichaa.

MamaWawili_Mbagala

Mwanangu mwalimu pole. Mi sina elimu ya hayo mafodmap ila nataka nikuambie kitu kuhusu stresi maana na mimi daktari aliniambia hivohivo punguza stresi nikamuona kama ananifukuza. Mi nlikua na mkopo wa kausha damu, marejesho kila Jumatatu, na mimi nauza vitumbua. Tumbo langu lilikua linajua Jumatatu kabla yangu, Jumapili saa kumi na mbili jioni linaanza kuunguruma, usiku kucha nipo na ndoo. Jumanne limetulia kama sio lenyewe. Miezi minane sikuwahi kuunganisha, nilikua naacha mara dagaa mara nyanya mara pilipili, kumbe chakula cha Jumapili na cha Jumanne ni kilekile.

Mkopo haukuisha siku moja, ulichukua mwaka, dada yangu alinisaidia tukaongea nao wakapunguza rejesho. Ila kabla haujaisha nesi mmoja wa kliniki alinifundisha kupumua, nikaona kama mchezo. Unalala chali, mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, unavuta pumzi kwa pua hesabu nne, mkono wa tumboni ndo unyanyuke, wa kifuani utulie, unatoa kwa mdomo taratibu hesabu sita. Dakika kumi asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza na ya pili sikuona kitu mwanangu nisikudanganye, ya tatu nikaona lile kusokota likija halifiki juu kabisa, linaishia katikati. Mpaka leo nafanya nikiwa kwenye daladala nimekaa, hakuna anayejua.

We mkopo wako ni icho kipindi cha kwanza. Kaongee na mwalimu wa taaluma ndo anapanga ratiba, usione aibu, tumbo si zinaa.

TichaHesabu_Dom

Wakuu nimerudi, imepita wiki ya saba tangu nilete huu uzi, nilikua nasoma kimya kimya. Mungu awabariki sana.

Mama wa Mbagala, nilikaa siku tisa nikitafuta ujasiri. Mwalimu wa taaluma wetu ni mama mtu mzima, nilimfata ofisini nikafunga mlango nikamwambia yote, akasema yeye alijua naumwa kitu ila aliogopa kuuliza. Kesho yake ratiba ikabadilika, kidato cha nne B nawapata kipindi cha tatu. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri, nilikua nimesahau hiyo inakuaje.

Naamka saa kumi na nusu, uji mwepesi wa mahindi bila maziwa, kupumua, chooni, naondoka. Shuleni ugali na kimkebe changu. Kitunguu tuliacha nyumba nzima, mke wangu anafanya ile ya mafuta ya kitunguu saumu na watoto hawajajua tofauti. Gesi ilianza kupungua kwenye wiki ya pili, mkanda siulegezi tena. Sijapona, wiki ya tano tulikua na kusahihisha mitihani, usiku mbili sikulala vizuri, tumbo likarudi vilevile na sikua nimekula chochote kibaya, daftari linaonyesha. Zamani ningekimbilia duka la dawa kununua dozi ya amiba. Safari hii nilipumua nikanywa isabgol nikasubiri, siku ya nne likatulia.

Nimeanza kurudisha vyakula. Chapati moja nimepita. Maziwa yamenikataa ndani ya saa mbili. Kesho zamu ya maharage, wife kashayaloweka tangu mchana, kasema atamwaga maji mara mbili, nimepanga nianze na bakuli dogo.

MwanaKisauni

Alhamdulillahi mwalimu, nimefurahi mno kusoma. Bakuli ni nyingi hata likiwa dogo. Anza na vijiko viwili, mchana, Jumamosi ukiwa nyumbani.