Naomba ushauri: nibaki na RAID au nihamie AHCI?

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 10 iko kwenye SSD (diski ya kisasa yenye kasi) moja ya GB 240. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), SATA (njia inayounganisha diski) imewekwa RAID, yaani hali ya kutumia diski kadhaa kama moja, na diski yenyewe ni hiyo moja tu! Nikiweka AHCI (hali ya kawaida, kila diski kivyake) inakuja skrini ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inajizima na kujiwasha bila kukoma. Nikirudisha RAID inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Draiva ya Intel (programu inayoiwezesha Windows kuisoma diski) nimeshaisasisha, wapi.

Je, nikiiwasha kwanza kwa sefu modi (Windows ikiwa na vitu vya lazima tu) ndipo nibadilishe, itachukua draiva ya AHCI yenyewe bila kupiga Windows upya? Na kwa SSD moja, kuna faida ya kuhangaika? Picha za harusi ya dada zimo humo, bando la kuzipandisha mtandaoni sina.