Mtoki kinenani, na LYM% 12 kwenye karatasi ya maabara: kinga imeshuka?

Mhamasishaji_Kayole
Habari wadau. Kijana wa bodaboda aliungua na ekzosi kwenye kifundo cha mguu wa kulia, leo siku ya tano. Kidonda kinatoa usaha, na jana mtoki umetokea kinenani upande huohuo, mkubwa kama punje ya haragwe, unauma ukiguswa. Karatasi ya maabara inasema WBC (seli nyeupe za damu) 14.5, LYM% (asilimia ya seli hizo ambazo ni limfosaiti, seli za kinga) 12 na mshale wa kushuka. Watu wa nyumbani wanataka kuukanda kwa maji moto mpaka uyeyuke. Kwa nini kidonda kiwe mguuni na uvimbe uwe kinenani? Na hiyo 12 ina maana limfosaiti zake zimeisha?

Tabibu_wa_zamu
Mtoki uacheni, shughulikieni kidonda.

Maji yanayovuja kwenye mishipa myembamba ya damu hayarudi yote kwenye damu. Kama lita 3 kwa siku hubaki kati ya seli, na hayo ndiyo huingia kwenye mishipa ya limfu, yakaitwa limfu. Mishipa hiyo haina moyo wa kuisukuma: kuta zake hujibana zenyewe, misuli ya mguu huikamua mtu akitembea, na vali za ndani huzuia limfu isirudi chini. Limfu ya kifundo hupita kinenani kabla ya kupanda tumboni na kifuani, kisha humwagika kwenye vena iliyo nyuma ya mtulinga wa kushoto. Kwa hiyo bakteria wa kidonda, na vipande vyao vinavyobebwa na seli za dendriti (walinzi wa ngozini), kituo chao cha kwanza ni tezi za limfu za kinena; tezi hiyo ikivimba ndiyo mtoki.

Sasa uvimbe. Limfosaiti T inayotambua kipande kimoja fulani cha kijidudu ni adimu, pengine 1 kati ya 100,000, pengine 1 kati ya milioni. Ndiyo maana hazitulii mahali. Hutoka kwenye damu, huingia kwenye tezi, hupekua kwa saa 12 hadi 24, na zikikosa huondoka kwenda tezi nyingine. Mzunguko huo wa kutoka damu kwenda limfu ulithibitishwa na James Gowans huko Oxford mwaka 1959. Maambukizi yakifika, tezi hufunga mlango wa kutokea kwa siku kadhaa huku zinazoingia zikiongezeka. Iliyopata inacholingana nacho hugawanyika mara 2 hadi 4 kwa siku, kwa siku 4 au 5. Limfosaiti B nazo, zikisaidiwa na T, hugeuka seli za plazma zinazotoa kingamwili (protini zinazonasa kijidudu), aina ya IgM kwanza, IgG baadaye. Ganda la tezi linavutika, ndipo linauma. Mtoki wa namna hii ni kazi inayoendelea, na kukanda hakuisaidii; maji moto yatamwongezea kuungua tu.

Kidonda kisafishwe, mguu uinuliwe anapolala, na muulize chanjo ya pepopunda. Akiwa na homa, au mstari mwekundu ukipanda kutoka kifundoni kuelekea pajani, aende hospitali siku hiyohiyo. Mtoki ukilainika katikati na ngozi kuwa nyekundu, una usaha, na utolewe kliniki, si kwa wembe nyumbani.

Maabara_Eastlands
Hiyo 12 ni asilimia, na asilimia hudanganya. WBC huandikwa kwa maelfu, kwa hiyo zidisha: 14.5 × 0.12 = 1.74, yaani limfosaiti 1,740 kwa kila mikrolita ya damu. Kawaida kwa mtu mzima ni takriban 1,000 hadi 4,000. Hazijapungua hata kidogo. Nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ndizo zimemiminika kutoka kwenye uboho wa mifupa kupigana na usaha, zikachukua nafasi kwenye hesabu. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: WBC 2.5 na LYM% 30 huchapishwa bila mshale kwenye asilimia, lakini idadi ni 750, na hiyo ni chini kweli.

Muulize pia kama amemeza prednisoloni. Dawa za steroidi hushusha limfosaiti za kwenye damu ndani ya saa chache. Na kipimo hiki hakihesabu CD4, zile limfosaiti T zinazopimwa kwa wenye VVU. Hiyo huagizwa peke yake.

Mhamasishaji_Kayole
Asante sana. Mtoki usiotokana na kidonda nitaujuaje?

Tabibu_wa_zamu
Pima kwa rula leo, uandike, upime tena baada ya wiki 2. Kidonda kikipona, mtoki nao unywee, ingawa kiini kidogo kinaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Unaozidi sentimita 2 kinenani, au 1 shingoni, ukakaa zaidi ya wiki 4, hasa ukiwa mgumu, hauumi na hausogei chini ya kidole, apelekwe. Ulio juu ya mtulinga usisubiri hata wiki moja.

Shingoni, hapa kwetu, fikiria TB mapema: hufyonzwa kwa sindano na sampuli kupelekwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Usikubali ukatwe tu na kuachwa, maana wa TB huacha tundu linalotiririka kwa miezi.

Maabara_Eastlands
Tezi ikitolewa nzima, naomba igawanywe kabla ya kuletwa: nusu kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini, nusu kwenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya kuotesha bakteria. Ikizamishwa yote kwenye fomalini, bakteria wamekufa na hakuna kitakachoota. Na prednisoloni isitangulie, huweza kuficha limfoma, saratani ya limfosaiti.