Boti ya faiba, ubao wa injini umeoza: nidunge epoksi, nikate, au niachane nayo?

MpigaKasia_Matema

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua boti ya faiba ya futi 17 iliyolala chini ya mwembe hapa Matema (Kyela, Ziwa Nyasa) misimu kadhaa ya mvua. Muuzaji aliniambia bodi ni nzima, tatizo ni rangi tu. Nami kwa akili zangu nikakagua rangi.

Juzi tumefunga injini ya farasi 40. Kijana akaikandamiza kwa mkono kuijaribu, ubao wote wa nyuma ukacheza kama mlango wa choo cha shule. Bolti ya chini ukiilegeza inatoa maji ya rangi ya chai. Sakafu nayo karibu na kiti cha dereva inatitia.

Nimeuliza watu wanne, kila mmoja ana uhakika kuliko mwenzake. Wa kwanza anasema nitoboe matundu nidunge epoksi nyepesi (aina ya rezini, gundi ya maji inayoganda) kwa bomba la sindano, mbao zigande humo humo. Wa pili: kata kutoka ndani, toa mbao zote, weka plaiwudi. Wa tatu: kata ganda la nje la nyuma, badilisha ubao, rudisha ganda. Wa nne: chokonoa mbao zilizooza, kisha mimina rezini nzito kwenye nafasi iliyobaki. Shemeji yangu ana la tano, niigeuze hori la ng'ombe nikachongeshe boti ya mbao.

Kazi yake ni kupeleka watu na mizigo Ikombe, na kuvua mbasa kidogo. Lipi kati ya hayo? Nawasilisha.

FundiNgama (Mbeya mjini)

Pole mkuu. Umeambiwa dawa kabla ya vipimo. Chukua nyundo ndogo, gonga ubao wote kuanzia juu kwenda chini. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu, iliyooza inajibu "pu" kama unagonga papai. Halafu chukua drili yenye ncha ya milimita 6, uifunge utepe ili isifike ganda la nje, toboa KUTOKA NDANI kila baada ya shubiri moja. Usiangalie tundu, angalia unga unaotoka. Mweupe na mkavu, hapo pazima. Wa kahawia unaoshikana kidoleni kama ugoro uliolowa, hapo hakuna mbao tena. Anza karibu na tundu la kutolea maji na bolti za chini, ndiko maji yanakoingilia.

Kuhusu sindano nikwambie ukweli, niliwahi kuifanya kwa boti moja ya Mtera. Mbao ikiwa imelowa, nafasi ya epoksi imeshakaliwa na maji. Inaganda kuzunguka tundu tu, ukubwa wa sahani ya chai, na unyevu unabaki umefungiwa. Mwenye boti alirudi baada ya miezi michache na maneno ambayo siyaandiki hapa. Sindano inafaa doa dogo kwenye mbao uliyoikausha kabisa. Kwa ubao unaocheza, hapana.

Tezi_na_Omo

Mimi ni wa Tanga, maisha yamenileta Uyole. Kwetu boti za namna hii zinadumu kuliko huku na watu hudhani ni ufundi. Ni chumvi. Kinachoozesha ni fangasi, nao wanahitaji maji yasiyo na chumvi na hewa. Maji ya chumvi yanawachelewesha, maji ya mvua yanawanenepesha. Na Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini! Hapo ongeza majani ya mwembe yaliyoziba tundu la ngama (la kutolea maji), na nabashiri boti ilikuwa imeinamia nyuma, maji yakalala kwenye tezi, yaani nyuma, mwaka hadi mwaka. Ingeinuliwa omo (mbele) juu na kizibo kikatolewa, tusingekuwa na mjadala huu.

Kwa swali lako, mimi ni wa kukata ganda la nje. Kwenye boti ndogo sehemu ya juu imeunganishwa na kisima cha injini (kile kibeseni mbele ya ubao wa injini), ndani hapaingii hata kiwiko. Ukitokea nje unasimama wima unafanya kazi kama binadamu. Unaacha ukingo wa vidole vitatu pande zote, unabandua ganda, unachimba mbao, unabandika mpya, unarudisha ganda na kuunga.

FundiNgama (Mbeya mjini)

@Tezi_na_Omo kaka, kuunga ndiko kwenye shughuli. Ule mshono huwezi kuujaza tu kama ufa wa ukuta. Unatakiwa usage ukingo kwa mshazari, upana mara 12 ya unene wa ganda. Ganda la milimita 5 linataka mshazari wa sentimita 6 kila upande, kisha ujaze tabaka kwa tabaka. Halafu nyuma ndiko kila mtu anakotazama.

Ukikata kutoka ndani, ganda la nje linabaki kama kalibu. Plaiwudi mpya inalalia pale pale ya zamani ilipokuwa, umbo halipotei. Kiwiko kitaumia, sawa.

Tezi_na_Omo

Kiwiko changu kina miaka 58, mdogo wangu. Nachagua kulingana na umri.

MtiMkavu_Mafinga

Kamwene. Mnabishana mkate wapi, hakuna aliyeuliza mnaweka nini. Nipo kwenye mbao huku Mufindi, niseme kidogo.

Usiweke ubao wa mti mmoja usio plaiwudi, hata uwe mninga wa babu. Mbao ya hivyo inatanuka na kusinyaa kwa upana wake, faiba haifanyi hivyo, mwisho zinaachana. Plaiwudi imepangwa nyuzi moja wima moja mlalo, kwa hiyo inatulia. Mvule watu wanaupenda kwa boti za mbao na wana haki, ila una utomvu unaoleta ukaidi kwa rezini. Msindano uliowekewa dawa unaweza kutumika, lakini ukitoka kiwandani bado mbichi usiuguse hadi ukauke kabisa.

Plaiwudi inayotengenezwa huku Mafinga nyingi ni ya dari na ya kumwagia zege. Ile ya zege yenye uso mweusi unaong'aa ina gundi inayostahimili maji, lakini ule uso haupokei rezini, lazima uusage wote hadi uone mbao. Usimwamini muuzaji wala muhuri. Kata kipande cha kiganja, kichemshe sufuriani saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Tabaka zikibanduka, rudisha mzigo. (Tumia sufuria ya zamani. Mke wangu bado ananikumbusha.)

Unene: mbili za milimita 18 zilizogundishwa pamoja ukiongeza faiba unapata kama sentimita 4 na ushee. Pima ile ya zamani, vibano vya injini vina kikomo chake.

kijana_wa_ipinda

Vipi ile ya kumimina? Nimeona video, mtu anamwaga kama uji, kesho yake anafunga injini.

FundiNgama (Mbeya mjini)

Marekani wana mchanganyiko ulioandaliwa kwa kazi hiyo, una viungio vya kuupunguzia joto. Huku mtu anachukua rezini ya poliesta, anatia vumbi la mbao, anamimina unene wa sentimita 4 kwa mkupuo. Rezini ikiganda inatoa joto. Ukiwa umepaka nyembamba, joto linapotea hewani. Ukiijaza shimoni inajipika yenyewe, inafuka moshi, inapasuka. Na bado lazima uchokonoe mbao ZOTE zilizooza kutoka kwenye mwanya mwembamba bila kuona mwisho wake. Ukiacha kipande chini, umezika mgonjwa hai.

BintiKinga

Naomba niingie. Boti ya marehemu baba nimeitengeneza mwenyewe, mimi na mdogo wangu, kwa hiyo siongei ya kusimuliwa.

Kaka Mpigakasia, ukishaamua pa kukata, uamuzi mkubwa unaobaki ni poliesta au epoksi, na LINI. Poliesta ni rahisi zaidi, epoksi bei yake ni mara mbili au tatu. Epoksi inashika mbao na faiba kuukuu vizuri zaidi, poliesta inashika vizuri poliesta mbichi mwenzake. Sasa wengi wanasema "nitagundisha kwa epoksi halafu juu nimalizie poliesta kupunguza gharama". Usifanye. Epoksi juu ya poliesta kuukuu iliyosagwa inakubali, poliesta juu ya epoksi inabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Chagua moja ufike nayo mwisho. Nyingine: zile mati nyeupe za nyuzi fupi tunazouziwa zina gundi inayoyeyushwa na poliesta. Kwenye epoksi nyingi hazilainiki, zinabaki ngumu zimesimama kama manyoya. Epoksi inataka kitambaa kilichofumwa.

Kipimo: hadena (dawa ya kugandisha) ya poliesta ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini. Ukiwa na baridi unasogea kwenye 2. Epoksi haina kusogea! Uwiano ulioandikwa kwenye kopo ndio huo huo, ukizidisha hadena inabaki inanata milele.

Na jambo moja naliandika polepole ili lisomeke. Kuna rezini zinauzwa bila kichocheo, unapewa kachupa ka kobalti ya rangi ya zambarau na kachupa ka hadena. Kobalti inachanganywa kwenye rezini kwanza hadi iishe kabisa, ndipo hadena. Hivyo vichupa viwili visikutane vyenyewe hata tone, vinaweza kulipuka. Hadena ikiingia jichoni inaharibu jicho. Miwani, glavu, barakoa, mikono mirefu. Vumbi la faiba mtalikuna siku tatu.

Hali ya hewa. Kama unafikiria kuipandisha Mbeya kwa sababu ni kukavu, Juni na Julai usiku kule baridi inashuka chini ya nyuzi 10, rezini inalala, haiamki. Ukibaki Kyela masika, unyevu unaharibu kila kitu. Mimi nilifanya hapo hapo ufukweni Septemba, chini ya turubai, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka. Ila jioni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuja wakatua kwenye tabaka la mwisho. Bado wamo, ukitazama vizuri unawaona.

DerevaItungi

Nimecheka wadudu. Ila mnaongea ubao wa nyuma tu, jamaa amesema sakafu inatitia. Hapo mihimili ya chini imeanza kwenda, na povu lililojazwa humo limekunywa maji. Jaribu kuinua boti. Futi 17 tupu ikishinda watu wanane, umebeba kisima. Fungua sakafu KABLA hujanunua chochote, maana mihimili ikiwa imekwisha yote, shemeji yako anaanza kuwa na hoja.

Na usipakie abiria kwa sababu imependeza. Funga injini, pakia viroba vya mchanga vya uzito wa watu wako, zunguka karibu na ufuko siku mbili, ukague ubao kila ukirudi. TASAC, wakaguzi wa vyombo vya majini, wakija kukagua ni jambo moja, kusi ikikukuta katikati ni jingine. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 700, hakuna pa kusimama ukavuta pumzi.

MpigaKasia_Matema

Wakuu, ndaga fijo. Nimefanya mliyosema, nakuja na majibu.

Nimetoboa matundu 14. Tisa yametoa ugoro, mawili yametoa maji kabisa, matatu ya juu kulia ni makavu. Sindano tumeizika. Sakafu nimeifungua: mhimili wa kushoto mzima, wa kulia umeoza kama mita moja na nusu, nao umeanzia pale pale mtu alipopiga skrubu za kiti bila kuziba matundu. Povu nimelikamua kwa mikono kama dodoki, limejaza ndoo nne.

Shemeji ameshindwa kwa goli moja. Ganda la chini ni zima, halina ufa, na boti ya mbao nayo ningekuwa nakalafati (naziba nyufa) kila mwaka.

Nitakata kutoka ndani. Kisima cha injini kwenye hii boti kimefungwa kwa skrubu, kinatoka chote, kwa hiyo kiwiko kinapita (samahani mzee wa Tanga). Plaiwudi nitachemsha. Kuhusu rezini nilitaka poliesta yote, lakini mbao na ganda kuukuu vimenitisha, nakwenda epoksi mwanzo hadi mwisho, juu napaka rangi ya makopo mawili (rangi na hadena yake) badala ya jeli, ule mng'aro wa poliesta wa juu ya faiba. Badala ya povu nafikiria madumu matupu ya lita 5 yaliyofungwa vizuri.

BintiKinga

Madumu sawa, ila yabane yasitembee, na acha njia ya maji kupita chini yake kwenda kwenye tundu la ngama. Na kila tundu la bolti utakalotoboa kwenye plaiwudi mpya: toboa kubwa kuliko bolti, jaza epoksi, iache igande, ndipo utoboe tundu la bolti katikati yake. Maji yakipenya yakute epoksi, yasikute mbao.

Tezi_na_Omo

Umesamehewa. Kabla hujagusa grenda, chukua kadibodi uchore umbo lote la ubao na mlalo wake, maana haujasimama wima kabisa, umelala nyuma kidogo. Pima na kimo katikati, kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa ya boti. Ukishakata, hakuna wa kumuuliza. Shafti ya injini yako ni fupi au ndefu?

MpigaKasia_Matema

Ndefu, inchi 20.

Tezi_na_Omo

Na kimo cha ubao?

MpigaKasia_Matema

17. Nimepima mara tatu.

Tezi_na_Omo

Basi propela ingekwenda chini kupita kiasi, injini ingeburuza maji na kurusha mengine ndani ya boti. Plaiwudi mpya ipandishe inchi tatu, na ganda la nje ulipandishie tabaka zake hadi juu. Tuma picha ya kadibodi kwanza.