Acheni kuipa 10/10 Amazing Spider-Man 121 kama hamjaifungua!

Wakuu, huku kudandia treni kwa mbele kumezidi. Kikitajwa tu kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker (ndiye Spider-Man) katika kitabu hiki cha katuni, 10/10 zinamwagika, halafu ukisoma maelezo unakutana na mnara wa saa. Mnara wa saa ni wa filamu ya 2014! Toleo la 121, la Juni 1973, lina daraja: Gwen anaangushwa kutoka juu yake na Green Goblin, adui wa Spider-Man, na Peter anamnasa kwa utando wake. Mwingine anasifia Goblin alivyodungwa na chombo chake mwenyewe cha kurukia. Hiyo ni 122, ya Julai. Na Mary Jane, rafiki yao, kufunga mlango akabaki na Peter? 122 hiyohiyo, ukurasa wa mwisho. Sasa hilo la 121 mmelisomea wapi?

Anayerudia kulisoma aanze na jalada la John Romita. Nyuso za watu wa karibu na Peter zimepangwa nyuma yake, na tunaambiwa mmoja wao atakufa. Ukigeuza, jina la hadithi halipo. Limefichwa hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu jina lenyewe ndilo linalomtaja marehemu. Ujanja huo wa Gerry Conway, aliyekuwa na miaka 20 tu, una alama zake. Nyie mnaoanza kwa kutaja jina la hadithi mnamharibia msomaji mpya kitu ambacho waandishi walihangaika kukilinda.

Michoro sibishani. Penseli ya Gil Kane, wino wa Romita na Tony Mortellaro. Kane anachora miili ikipinda hewani mpaka unahisi kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho hadithi inachohitaji, maana Peter mwenyewe ana mafua makali na homa. 9.

Tuje kwenye daraja, ambapo hata wanaojiita wakongwe wanapuyanga. Maneno yanasema George Washington Bridge. Mchoro unaonyesha minara ya mawe yenye matao yaliyochongoka, yaani Brooklyn Bridge. Ya George Washington ni ya chuma kitupu. Baadhi ya matoleo yaliyochapishwa upya yalibadilisha maneno, kwa hiyo kabla hujamtukana mwenzako angalia nakala yake ni ipi.

"Kosa dogo tu hilo." Dogo? Chukueni kalkuleta. Tuseme Gwen ameshaanguka mita 60 utando unapomnasa miguu: kasi yake ni kama mita 34 kwa sekunde, kilomita 123 kwa saa. Akisimamishwa ndani ya nusu sekunde, mwili unapokea mara saba ya mvutano wa dunia, na kwa kuwa iliyoshikwa ni miguu, kichwa kinaendelea na safari hadi shingo ikizuie. Minara ya Brooklyn iko mita 84 hivi juu ya maji, hivyo zimebaki 24. Peter angelegeza utando taratibu na kuzitumia zote, angemsimamisha kwa sekunde 1.4, yaani mara mbili na nusu tu ya mvutano wa dunia. Ile ya George Washington ina kama 184: zingebaki zaidi ya mita 120, nafasi ya kumwaga! Daraja lililochorwa linamnyima Peter muda ambao daraja lililoandikwa linampa. Halafu mtu anasema dogo.

Kuna kasuku wa upande wa pili: "Alishakufa kabla ya utando, Goblin kasema." Goblin kasema kuanguka kutoka juu vile kunaua kabla ya kufika chini. Chai! Waruka kwa miavuli hupita kasi hiyo kila siku, wakatua wakaenda kula. Tazama kisanduku chenyewe cha mchoro: pembeni ya shingo kuna neno dogo, "SNAP!", yaani mlio wa kitu kuvunjika. Na katika kurasa za barua za toleo la 125 Roy Thomas, mhariri, alikiri kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa ghafla na utando. Kesi imefungwa tangu 1973.

Kinachonizuia kutoa 10 ni Gwen mwenyewe. Toleo linalomuua halimpi la kufanya. Anatekwa nje ya picha, Peter anakuta mkoba wake na boga la Goblin, na juu ya daraja amezimia muda wote. Hapati hata neno moja la kuaga. Harry, rafiki wa Peter aliyelala kitandani akiugua kwa dawa ya kulevya ya LSD, ndiye mwenye uzito zaidi yake. Kipengele hicho 4, na siongezi.

Jumla yangu 8.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama 121 na 122 zipimwe pamoja, hapana. Ziliuzwa mbalimbali, senti 20 kila moja, na msomaji wa wakati ule alikaa mwezi mzima na maiti ya Gwen mikononi mwa Peter. Ukizisoma kwa mkupuo mmoja, soma, lakini alama za 122 zipeleke 122. Anayebisha aje na ukurasa na kisanduku, asiniletee bango la filamu.